Bi Kidude: mwaka wa kuzaliwa tuandike upi?

mhariri_wa_usiku:
Wakuu habari za saa hizi. Nimejipa kazi ya kusafisha ukurasa wa Bi Kidude, yule mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, kwenye Wikipedia yetu ya Kiswahili na nimekwama pale pale kwenye mstari wa kwanza. Kufariki hakuna ubishi, 17 Aprili 2013 huko huko Zanzibar, magazeti yote yaliandika. Jina la kuzaliwa Fatuma binti Baraka sawa, kijiji Mfagimaringo, baba yake muuza nazi, tuzo ya WOMEX (yale maonyesho ya muziki wa dunia) 2005 nayo ipo wazi. Ila kuzaliwa sasa! Sehemu moja 1910 kavu kabisa kama vile mtu alishika cheti, nyingine "miaka ya 1910", nyingine wanasema tu alifariki akiwa amepita miaka 100 basi wanaendelea na stori. Na hapo chini ukurasa umeshaingizwa kwenye jamii (lile kundi la kurasa chini kabisa) ya "Waliozaliwa 1910" kwa hiyo hata nikifuta juu bado chini ipo. Nifanyeje, nichague mmoja au niache wazi?

Chapakazi77:
Weka 1910 mkuu maisha yaendelee, nani atakuja kukushitaki 😂

pakacha_la_ngambo:
@Chapakazi77 ndo maana mtandaoni kumejaa uongo, kila mtu anaona ye ni mmoja tu.

Haya turudi kwa muuliza swali. Mwenyewe marehemu alipokuwa akiulizwa umri alikuwa akisema kazaliwa enzi za rupia, na hapo ndipo watu wanapojikwaa. Anakuja mwandishi anakumbuka kuwa rupia ilikuwa pesa ya zamani sana, anapiga hesabu kichwani kuwa lazima ni kabla ya vita vya kwanza, basi 1910 inazaliwa. Lakini hiyo ni hesabu ya bara. Tanganyika na Kenya ndo walioachana na rupia mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakaingia kwenye shilingi, Zanzibar sie tulibaki nayo mpaka mwisho wa 1935, shilingi ya Afrika Mashariki imekuja kushika Unguja na Pemba Januari 1936. Kwa hiyo mtu wa Unguja akikwambia rupia amekutajia muda mrefu, anaweza kuwa wa 1908 anaweza kuwa wa 1920 na wote hawajasema uongo. Aliyezaliwa 1910 alifariki na 102 au 103, wa 1920 alifariki na 92 au 93, tofauti hiyo si ya kufumbia macho. Sisemi bibi alikuwa mdogo, nasema rupia peke yake haitoshi. Kama kuna mahojiano ameongeza na neno la vita hapo sawa, lakini andika kuwa ni yeye kasema.

mhariri_wa_usiku:
Aisee hii ya 1936 sikuwa naifahamu kabisa. Lakini mbona gazeti zaidi ya moja lina 1910, si ndo ushahidi huo? Wote wakosee?

Bint_Kumbukumbu:
Wingi wa magazeti sio wingi wa ushahidi kaka. Angalia tarehe. Fungua historia ya ukurasa, tafuta siku 1910 ilipoingizwa mara ya kwanza, afu angalia hayo magazeti yametoka lini. Lililotoka baada ya hapo, halafu halisemi limeipata wapi, ni rahisi sana kuwa mwandishi aligugo akakopi kwetu, na sisi tukilirudisha kama chanzo tunakuwa tunajitolea ushahidi wenyewe. Hili lipo kila siku kwa wasanii, hasa siku ya msiba, mhariri anataka stori ndani ya saa moja, anafungua Wikipedia, kesho yake Wikipedia inamtaja yeye. Mimi naamini zaidi kitu cha kabla ya mtandao kujaa, kijitabu cha ndani ya kaseti au CD, kipindi cha redio, mahojiano ambayo anaongea mwenyewe.

Na kwenye suala la Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyemtangulia, uwe makini hivyo hivyo. Watu wanaandika "mwanafunzi wa Siti" kama vile kulikuwa na darasa na mahudhurio. Siti alirekodi Bombay 1928, akafariki 1950, na Shaaban Robert alimwandikia wasifu kwa hiyo ukiandika Siti una kitabu cha kushika. Kwa Kidude tunategemea sana maneno yake mwenyewe na bibi alikuwa anapenda utani, wanaomkumbuka wanajua, majibu yalikuwa yanategemea kaamkaje. Andika kuwa alijifunza nyimbo za Siti kwa kumsikiliza na kuziimba, hiyo haina mgogoro.

Chapakazi77:
Sawa walimu nimekubali yaishe. Sasa kwenye kile kisanduku cha pembeni anajaza nini maana kinataka mwaka

Bint_Kumbukumbu:
Hakilazimishi namba. Aandike "mnamo miaka ya 1910 (haijulikani kwa hakika)". Wikidata, ile hifadhi ya data ya Wikipedia zote, nayo inakubali muongo mzima bila kutaja mwaka, tena hiyo irekebishwe mapema maana Wikipedia za lugha nyingine zinachota hapo. Ile jamii ya Waliozaliwa 1910 aitoe na kwenye muhtasari wa uhariri aeleze sababu, la sivyo kesho anakuja kijana mwenye haraka anairudisha akidhani imefutwa kwa bahati mbaya.

pakacha_la_ngambo:
Muongo wa 1910 mie naukubali kwa shingo upande, kwa sababu ya rupia niliyoisema, lakini ndo vyanzo vingi vinapoangukia na sisi si kazi yetu kubuni wa kwetu. Ongeza sentensi moja ndani ya makala, "mwenyewe alieleza kuwa alizaliwa wakati wa matumizi ya rupia, iliyotumika Zanzibar hadi 1935", usitoe hitimisho, msomaji atajipigia hesabu. Na tafadhali wakati upo humo humo ongezea unyago na msondo, maana ukurasa mzima taarab taarab taarab, wakati bibi yule mafunzo ya wari na ngoma zake ndo kazi aliyoifanya mpaka uzeeni.

mhariri_wa_usiku:
Nimeshatoa jamii na kubadilisha kisanduku, Wikidata nayo tayari. Sehemu ya unyago naifungua usiku huu, mwenye chanzo kilichoandikwa anitupie hapa chini.