Tumelipia fildi ya bahari, tukapelekwa siku ya maji mafu tena maji yakiwa yamejaa. Nani anapanga hizi ratiba?

Wakuu heshima kwenu. Hili limenikaa kooni, acha nilitapike hapa.

Nasoma biolojia ya bahari katika chuo kimoja hapa Dar. Sikitaji, bado nataka kumaliza. Semesta hii tuna kozi ya ikolojia ya pwani, koswaki (alama za kazi za muhula kabla ya mtihani) ni 40, na nusu ya hizo ni ripoti ya fildi. Kila mtu katoa elfu 35 ya basi na vifaa, mbali na ada. Kuna watu wameitoa kwenye bumu, yaani mkopo wa kujikimu, na sasa hivi wanaishi kwa kukopa chipsi.

Kazi yenyewe ni nzuri, wala sina ugomvi nayo. Unakwenda Mbweni, unanyoosha kamba ya mita 100 kuanzia ukingo wa mikoko kuelekea baharini, kila mita 10 unaweka fremu ya mraba na kuhesabu kilichomo: konokono, kaa, majongoo bahari, nyasi za baharini zimefunika asilimia ngapi. Ukimaliza unaona kwa macho jinsi viumbe walivyogawana pwani kwa kufuata muda wanaoweza kuvumilia kukaukiwa. Kwenye nyasi za baharini, aina ya Thalassia inakubali kuachwa juani kidogo, aina ya Thalassodendron unaikuta kule chini ambako maji hayaishi. Darasani tumeambiwa, tukachora, tukakariri. Fildi ndiyo ilikuwa ya kuthibitisha.

Tumefika saa tano asubuhi. Bahari imejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko. Hiyo kamba unaitandaza wapi?

Kwa mliokulia mbali na pwani: hapa kwetu siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukauka mnamo saa nne asubuhi na kutoka mbali kweli, tofauti ya kujaa na kukauka inapita mita 3. Ukiingia katikati, mwezi ukiwa na siku nane au tisa tangu uandame, ni maji mafu. Asubuhi ileile ambayo wiki iliyopita ulitembea kwa miguu, sasa unakuta maji yamejaa, na hata yakitoka jioni hayaendi popote, tofauti ni kama mita 1 tu. Siku yetu mwezi ulikuwa na siku tisa. Yaani hata tungekaa mpaka magharibi tusingeliona eneo tulilotumwa kulipima.

Kulikuwa na mzee anashona nyavu pale. Tukamwamkia, akaitikia, akatutazama na mafremu yetu mkononi akauliza, "Wanangu, nani kawaleta leo? Si mngesubiri bamvua?" Mhadhiri yupo pale pale, anasoma simu. Mzee wa watu hana cheti chochote, kajua kwa kuangalia mwezi. Sisi tuna idara nzima, ina watu wa digrii tatu tatu, na jedwali la kujaa na kupwa hutolewa la mwaka mzima kabla mwaka haujaanza.

Mikoko nayo tukaonyeshwa kutoka barabarani, kwa kidole. Mtihani utakuja na swali la kutofautisha mkandaa na msinzi, aina mbili za mikoko, na vile ukivitazama kwa mbali ni kijani kimoja. Msinzi unaujua ukiingia kwenye tope ukaona mizizi yake imekunja magoti. Nani kaingia kwenye tope? Dereva alikuwa anapiga honi saa nane.

Ila kilichonitoa kabisa kwenye reli ni hiki. Jioni kwenye grupu la darasa, CR (kiongozi wa darasa) akaleta ujumbe kutoka "juu": tumieni data za waliotutangulia, badilisheni badilisheni kidogo zisifanane. Tunafundishwa kupika data, rasmi, na tunapewa alama kwa kupika! Kesho watu haohao wanaajiriwa kuhesabu samaki na matumbawe, waandike ripoti ambayo kijiji cha wavuvi kitafungiwa eneo kwa sababu yake.

Najua kuna atakayekuja hapa na "vyuo havina bajeti". Mkuu, sikulilia boti wala vifaa vya kuzamia. Kusogeza safari mbele kwa wiki moja ni shilingi ngapi? Basi ni lilelile, mafuta ni yaleyale. Tumepangiwa Jumamosi ile kwa sababu Jumamosi ile basi lilikuwa halina kazi, basi. Bahari ikabidi ifuate ratiba ya gereji.

Mliosoma vyuo vingine vya pwani, iwe huku, Unguja au Mombasa, kwenu nani anapanga tarehe za fildi? Mnaonyeshwa jedwali la maji kabla? Na kuna mtu amewahi kudai fildi irudiwe akasikilizwa, alipitia serikali ya wanafunzi au alimwandikia mkuu wa idara moja kwa moja?

Ripoti inatakiwa Ijumaa. Mimi kwenye jedwali langu nimeandika saa tuliyofika, mwezi ulikuwa na siku ngapi, na safu zote zilizobaki nimejaza "chini ya maji". Nikipigwa sapu, yaani kurudia mtihani, nitarudi kwenye uzi huu huu kuwaambia.