Premio 260 ya kila siku: rimu za 16 au 17, na tairi gani?

Mzizima_T

Wakuu habari za leo. Naomba ushauri wa wanaojua. Gari ni Premio 260, cc 1800, kibandiko cha mlangoni kinasema 195/65R15. Rimu zilizopo ni za chuma na mbili zimepinda. Linakwenda Mbagala–Posta kila siku, kipande cha mwisho kabla ya nyumbani ni vumbi na mashimo, na mara moja moja linapanda Dodoma na watu watano na mizigo.

Fundi ananishawishi nichukue 17x7 ofseti 38, PCD (mpangilio wa matundu ya nati) 5x100, na matairi 215/45R17. Anasema "zinaingia bila shida". Duka la pili wana 16 zilizotoka kwenye Lexus CT200h, used kutoka Japani. Matairi nitanunua mapya kwa vyovyote. Nichukue zipi, na nikague nini kabla sijatoa hela?

Gereji_ya_Uani

Kuingia zitaingia mkuu, shida inaanza ukishatoka gereji.

Anza na tairi, rimu ifuate. Kwenye mashimo kinachookoa rimu ni ubavu wa tairi. 195/65R15 (upana milimita 195, ubavu asilimia 65 ya upana, rimu inchi 15) ina ubavu wa karibu milimita 127. 205/55R16 inabaki na 113. 215/45R17 inashuka hadi 97. Ukipoteza sentimita tatu za ubavu, ukingo wa shimo unalibana tairi moja kwa moja kwenye rimu, nyuzi za ndani zinakatika na tairi linaota nundu. Nundu haizibwi wala haisubiriwi, tairi hilo ni la kutupa hata kama limefungwa jana.

Halafu angalia namba ya mzigo, ambayo wauzaji wengi hawaigusi kabisa. Tairi la 195/65R15 huandikwa 91, maana yake kilo 615 kwa tairi moja. 205/55R16 nayo ni 91. 215/45R17 ya kawaida ni 87, yaani kilo 545. Umepungukiwa kilo 70 kila kona, na wewe unapanda Dodoma umejaza. Watakwambia chukua yenye alama ya XL (tairi lililoimarishwa kubeba zaidi), hiyo ni 91. Kweli, lakini XL inabeba kilo zake zote ikiwa na upepo wa psi 42. Ukiijaza 33 kama ulivyozoea, haibebi 615. Na ukiijaza 42 kwenye barabara ya vumbi utahesabu kila kokoto.

Kwa matumizi yako: 205/55R16 91H au 91V (H na V ni daraja la kasi), rimu ya upana wa inchi 6 hadi 7. Kipenyo chake ni milimita 632 dhidi ya 634 za kiwanda, spidomita haitajua kama umebadilisha kitu. Upepo ule ule wa kwenye kibandiko, pimia asubuhi tairi likiwa la baridi.

Ofseti45

Naunga mkono, ila hesabu ya ofseti iwekwe wazi maana ndiyo inayomaliza watu.

Ofseti ni umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale rimu inapokaa kwenye habu (kitovu inapofungiwa rimu), kwa milimita. Rimu ya 15 ya kiwanda kwenye gari hilo ni 6J (upana wa inchi 6) ofseti 45. Ya fundi wako ni 7J ofseti 38. Inchi moja ya upana inagawanyika milimita 12.7 kila upande. Ofseti imeshuka 7, kwa hiyo rimu nzima imesogea nje 7. Ukingo wa nje unatoka 12.7 + 7 = karibu milimita 20. Wa ndani unaingia kuelekea shokapu 12.7 − 7 = karibu 6.

Milimita 20 nje gari likiwa tupu utaona limependeza tu. Weka watu watatu nyuma, ruka tuta, tairi linasugua ukingo wa fenda. Beringi za habu zinapata kazi ya ziada maana uzito umesogezwa nje, na usukani unaanza kufuata mifereji ambayo malori yamechimba kwenye lami. Mtu anapeleka gari alaimenti mara tatu, vipimo viko sawa kila mara, analaumu mashine.

Rimu ya 16 ya CT200h ni 6J ofseti 45, PCD 5x100, tundu la kati milimita 54.1. Hizo ni namba za gari lako zote tatu. Hakuna kinachosogea.

Kuhusu tundu la kati: rimu nyingi za dukani hutobolewa 73.1 ili ziingie magari mengi. Habu yako ni 54.1. Ukizichukua hizo, dai ringi nne za 73.1 kwa 54.1. Bila ringi, rimu inashikiliwa na nati peke yake, ikikaa pembeni kidogo tu gari linatetemeka kati ya 80 na 110, na balansi haitaliponya.

Fundi_Tairi_Ilala

Rimu used zinakaguliwa zikiwa uchi, bila tairi. Muuzaji akikataa kulivua, ondoka.

Geuza upande wa nyuma kwanza, mbele hupakwa rangi ikapendeza. Pitisha kidole ukingo wote wa ndani, hasa nyuma ya kila mkono wa rimu, nyufa hupenda kuanzia hapo. Ukikuta sehemu imepakwa rangi nene peke yake au ina mkwaruzo wa grainda, ujue imechomelewa. Aluminiamu ya rimu huimarishwa kiwandani kwa joto maalumu, moto wa kuchomelea unaiondolea ule ugumu pale pale palipovunjika. Ufa utarudi kando ya kiraka, na safari hii utarudi ukiwa mwendoni.

Kisha iweke kwenye mashine ya balansi izunguke, uangalie ukingo wa ndani na wa nje. Kupinda kidogo ukingo wa ndani kunanyooshwa. Ikiwa katikati kwenyewe kunacheza, achana nayo.

Rimu za "kopi" mpya: tafuta alama ya JWL (kiwango cha Japani cha rimu) iliyotoka kwenye umbo lenyewe la chuma pamoja na kilo inazobeba. Stika siyo ushahidi.

Tairi jipya nalo lisomwe. Tarakimu nne za mwisho baada ya DOT ni wiki na mwaka: 2324 ni wiki ya 23 ya 2024. Namba hiyo mara nyingi iko upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo ligeuze. Tairi "jipya" lililokaa stoo miaka mitano, nje kwenye jua la Dar, mimi silifungi kwenye gari la safari.

Mzizima_T

Nashukuruni sana wakuu, nimeelekea kwenye za CT. Maswali mawili. Kuna aliyeniambia niweke 205/60R16 ili gari linyanyuke kidogo. Na nati nitumie hizi nilizonazo za rimu za chuma?

Gereji_ya_Uani

205/60R16 ina kipenyo cha milimita 652. Gari linanyanyuka nusu ya tofauti, yaani milimita 9 hivi. Spidomita ikisoma 100 uko karibu 103, ukilinganisha na matairi ya kiwanda. Faida yake ni ubavu, 123, karibu sawa na ule wa mwanzo. Hasara: tairi linasogelea kikombe cha springi cha shokapu ya mbele na plastiki za ndani ya fenda. Funga moja tu kwanza, mbele. Kata usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, na pima uwazi juu ya tairi hadi kwenye kikombe. Kidole kisipopita, rudi 205/55. Kwa maoni yangu milimita 9 haziokoi bampa, zinakupa matumaini tu.

Ofseti45

Nati: tazama tundu la rimu kabla ya kuamua. Kama limechongwa kama faneli, linataka nati ya koni, na zako za rimu za chuma ni koni. Kama ni bapa lenye shimo lililonyooka, linataka nati yenye shingo na washa. Ukifunga koni kwenye tundu bapa inagusa ukingo tu, utakaza leo na kesho imelegea. Uzi wa Toyota yako ni M12x1.5. Ukiishia kwenye nati za washa, weka tano za koni kwenye buti, maana tairi la akiba bado liko kwenye rimu ya chuma.

Siku ya kufunga: sugua uso wa habu kwa brashi ya waya hadi kutu iishe, anzisha kila nati kwa mkono, kaza kwa mtindo wa nyota, malizia kwa spana ya kipimo kwenye 103 Nm. Mashine ya upepo isimalizie kazi, ndiyo inayonyoosha stadi (bolti za habu). Baada ya kilomita 100 pitia tena zote.

Impreza_GH

Samahani kwa kudandia uzi. Mimi nina Subaru Impreza, nayo ni 5x100. Akighairi hizo za CT naweza kuzichukua?

Fundi_Tairi_Ilala

Haziingii. Habu ya Subaru ni 56.1, tundu la rimu za Toyota ni 54.1, na kuzichonga sikushauri. Kinyume chake ndiyo hufanyika: rimu za Impreza zinakaa kwenye Premio kwa ringi ya 56.1 kwa 54.1. Ila nati ziwe za Premio, kwa sababu za Subaru ni M12x1.25. Zinaingia mizunguko miwili mitatu, zinakaza, fundi anaongeza nguvu, na stadi imekwisha.