Ndege mmoja mwenye sauti nyingi katika msitu wa Gede: ni nani huyu?

MkaaziWaMalindi

Wanajukwaa, salaam. Kila nipitapo alasiri kwenye vijia vya msitu unaozunguka magofu ya Gede, husikia kutoka kichaka kimoja kilichosongamana mlio wa kekeo, kisha wa hondohondo, kisha mluzi kama wa mtu anayemwita mwenziwe, yote yakifuatana bila kituo. Programu ya simu inayotambua ndege kwa sauti hunipa jina jipya kila baada ya muda mfupi. Juzi nilibahatika kumwona ndege mwenyewe: uso, koo na tumbo vina rangi ya chungwa iliyokolea, mabawa ni ya kijivu chenye usamawati, naye aliruka chini chini akatokomea. Je, ni kurumbiza yule yule wa bustanini? Tena, sengi, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, alikuwa karibu naye akipekua majani. Je, wawili hao wana uhusiano wowote?

KijanaWaSokoke

Ndugu yangu, maelezo yako yanatosha. Huyo ni kurumbiza mwenye utosi mwekundu, ambaye jina lake la kisayansi ni *Cossypha natalensis*. Yule wa bustanini ana kichwa cheusi kilichopitiwa na mstari mweupe mpana juu ya jicho, ilhali huyu wa msituni hana mstari huo kabisa, na jicho lake jeusi huonekana kubwa kwa sababu limezungukwa na rangi ya chungwa tupu. Anayeweza kukuchanganya zaidi katika msitu wa Arabuko-Sokoke ni akalati wa pwani, lakini huyo ni mdogo zaidi na tumbo lake huishia kwenye weupe. Akikupa mgongo, tazama mkia: wa kurumbiza una rangi ya chungwa pembeni na manyoya meusi katikati, na alama hiyo huonekana hata anapokukimbia.

Kuhusu simu, usiilaumu sana. Programu hizo hulinganisha sauti na rekodi zilizohifadhiwa, na ndege huyu huiga ndege wengine wengi, akiwamo tai mlasamaki, pamoja na miluzi ya binadamu; kwa hiyo kila jina ulilopewa huenda lilikuwa jibu sahihi kwa sauti isiyo ya mwenyewe. Sauti yake halisi ni ile asiyoitilia maanani mtu: silabi mbili za kukwaruza kidogo, moja juu na moja chini, anazozirudia kwa muda mrefu pasipo kuchoka. Jifunze hiyo kwanza, ndipo nyimbo zake zikufurahishe.

BiMsitu

Mimi naongeza juu ya sengi, kwa kuwa hapo ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Sengi wa Gede mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu hutembea mchana akifukua majani makavu kwa pua yake ndefu, na wadudu wanaofurushwa wasiangukie kinywani mwake huwa riziki ya kurumbiza anayemfuata hatua chache nyuma. Watafiti waliofuatilia sengi hapo Gede waliandika juu ya ufuasi huo. Jamaa hawa wa kurumbiza hufuata vilevile misafara ya siafu kwa sababu hiyo hiyo: huwa hawawatafuti siafu wenyewe bali panzi, mende na buibui wanaowakimbia. Kwa hiyo anayetaka kumwona ndege huyu na atafute kwanza kinachotikisa majani sakafuni, kwani ukimwinulia macho matawini utamkosa.

Zingatia pia majira. Baadhi yao huhamahama ndani ya Afrika, na huku pwani ya Kenya huwa wengi zaidi wakati wa kusi. Kichekesho ni kwamba kekeo mwenye kifua chekundu hutaga katika viota vya jamii ya kurumbiza na kuwaachia kazi ya kulea. Hata hivyo, kurumbiza huuimba mlio wa kekeo huyo pamoja na ya wengine.

MkaaziWaMalindi

Nawashukuru nyote. Je, nikimchezea rekodi ya sauti yake ili ajitokeze, nitakuwa nimemkosea?

KijanaWaSokoke

Naam, hasa ukirudia mara nyingi au ikiwa ni majira ya kuzaliana, kwa sababu atadhani ndege mgeni ameingia katika eneo lake, ataacha kula na kuanza kumtafuta asiyekuwepo. Njia iliyo bora ni kuketi pembeni mwa kijia kuanzia saa 11 jioni, uvae nguo zisizong'aa, uache kuzungumza. Ukipiga mluzi mwenyewe, piga mara moja tu, wapo waliojibiwa. Mwambie pia mlinzi au mwongoza wageni mahali utakapokaa, maana wao hujua ni vichaka vipi sengi hupitia.