Mafundi wa laptop, kelele za feni hazitibiwi kwa kupiga Windows!

Wakuu salaam. Nimevumilia vya kutosha, leo natema nyongo.

Feni ya mashine yangu ilikuwa haipumziki. Unawasha tu, hujafungua kitu, imeshaanza kuvuma kama mashine ya kusaga. Kikao cha mtandaoni nikifungua maiki, bosi ananiambia niifunge haraka maana watu hawasikilizani.

Nikaipeleka kwa fundi hapa Dar, duka la vioo na bango kubwa. Hata kuigeuza aangalie matundu ya hewa ya chini hakuigeuza. Aliwasha, akasikiliza, akasema: "Windows imechoka hii braza, tukupigie mpya, elfu ishirini tu." Nikamuuliza Windows na feni vinahusiana vipi, akanijibu "we niachie". Kapiga Windows, yaani kaiweka upya, kafuta kila kitu bila kuniuliza, picha za mwanangu toka anazaliwa zimeenda. Na feni? Kesho yake inavuma vilevile! Narudi, wimbo umebadilika: sasa feni imekufa, nitoe elfu themanini aagize nyingine. Feni inayozunguka mchana kutwa imekufaje?

Aliyenisaidia ni kijana mwenye kimeza tu chini ya ngazi. Alifungua skrubu mbele yangu, akainua feni. Pale feni inapopulizia, kwenye vibati vyembamba vya shaba vya kutolea joto, kulikuwa na tandiko la vumbi la kijivu lililoshikamana na nywele. Akalishika kwa kibano, likabanduka zima. Hewa ingepita wapi? Akanyanyua bomba la shaba, pesti ya kupitishia joto juu ya prosesa, ule ubongo wa mashine, imekauka hadi inapukutika. Akaifuta kwa spiriti, akapaka nyingine kidogo, akapuliza vumbi lililobaki huku kazuia mapanga ya feni kwa kijiti yasizunguke hovyo. Basi. Mashine kimya mpaka leo.

Wakuu, feni inakimbizwa na joto. Prosesa ikichemka feni inaongezewa kasi, na joto likikosa pa kutokea itabaki hukohuko juu. Likikaribia nyuzi 100, prosesa nyingi zinajipunguzia kasi zenyewe zisiungue. Hapo mashine inakuwa nzito, kila kitu kinagoma, na wewe unaambiwa "Windows imechoka". Hapo ndipo wanapotupiga! Na Dar hii ya Januari, nje tu ni zaidi ya nyuzi 30, vumbi kila kona, fundi anawezaje kusahau kuangalia vumbi?

Sikatai, kuna wakati kinachosumbua ni programu. Lakini hilo linaangaliwa bure. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utaona nini kinakula prosesa. Kuna kitu kimeng'ang'ania asilimia 90 na wewe hufanyi lolote? Anza na hicho. Prosesa imetulia chini ya asilimia 5 na feni bado inavuma muda wote? Fungua usafishe. Mtu anayejiita fundi anashindwa kubonyeza vitufe vitatu kabla ya kufuta mafaili ya watu?

Na nyie wauza laptop za mtumba msijifiche. Mnang'arisha mfuniko mpaka unajiona usoni, ndani vumbi la ofisi za Ulaya miaka na miaka halijaguswa, halafu mnaandika "safi kama mpya".

Yeyote aliyepigiwa Windows kwa tatizo la joto aseme hapa, na aseme alilipa ngapi. Kama fundi amekataa kufungua mashine mbele yako, chukua mashine yako uondoke.

Na wewe wa elfu ishirini, najua humu unapita. Picha za mwanangu huwezi kunirudishia, ila hela yangu naifuata Jumatatu asubuhi, na nitaidai mbele ya wateja wako.