Hilux 5L kuvuta tela la viazi kutoka Makete: itaweza au najidanganya?

MkulimaTandala

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari zenu. Mimi ni mkulima wa viazi mviringo huku Tandala, Makete. Nina Hilux ya zamani, kabini moja, injini ya dizeli ya 5L (ni jina la injini, si lita tano), inavuta matairi yote manne. Ilikuwa gari la mradi, niliipata kwenye mnada, na mpaka leo haijanisumbua.

Msimu huu nataka kuacha kukodi Canter. Mvua ikianza tu wenye magari wanapandisha bei, na ukilalamika wanakwambia ubebe kichwani. Kuna mchomeleaji Njombe mjini amekubali kunitengenezea tela la matairi mawili. Ekseli ametoa kwenye gari dogo, matairi ya inchi 13, anasema litabeba tani mbili bila wasiwasi. Ndoano ataichomelea kwenye bampa la nyuma.

Mpango wangu ni gunia kumi kwenye tela na gunia nane kwenye bodi, Tandala mpaka Makambako. Gunia zenyewe mnazijua, wanunuzi hawataki kusikia gunia lisilo na lumbesa, yaani lililojazwa kupita mdomo wake. Shemeji yangu anasema dizeli ni dizeli, itavuta tu. Mume wangu anasema klachi itaungua kabla hatujafika Njombe. Nani mkweli?

Dogo wa Uyole

Dada itavuta, achana na maneno ya watu. Sisi tunaburuza mashine ya zege kwa Hilux kuukuu kuliko hiyo, kutoka Uyole mpaka Iwambi, na vibarua sita bodini. 5L haifi. Badili klachi weka mpya, piga kazi.

Fundi Ipogolo

Dogo, mashine ya zege unaivuta ndani ya jiji, mwendo wa harusi, tena haina hata robo ya mzigo anaousema huyu dada. Usimpeleke mtu mlimani kwa hesabu za mjini.

Dada, shemeji yako na mumeo wanabishana juu ya kupanda tu. Hilo nakumalizia sasa hivi: 5L itapanda. Ni injini ya cc 2,986 isiyo na turbo (kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), nguvu yake ya kuzungusha ni Nm 200 hivi. Huko kwenu mmekaa juu ya mita 2,000, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Kwa hiyo utapanda kwa gia ya pili, pengine ya kwanza, moshi mweusi nyuma, Coaster zinakupigia honi. Klachi itaumia pale utakaposimama katikati ya mlima halafu ukataka kuondoka tena. Ni kero, ni gharama, lakini hakuna atakayezikwa kwa ajili yake.

Mimi nipo hapa Ipogolo, Iringa, magari yanayotoka mlima Kitonga yakiwa na shida mengi yanaishia mlangoni kwangu. Yaliyoshindwa kupanda yanaletwa yanavutwa na dereva wake anacheka. Yaliyoshindwa kusimama yanaletwa juu ya gari jingine.

Sasa tupime mzigo. Kisheria gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Lumbesa za viazi nilizoziona zikipandishwa mizani zilikuwa 120, nyingine zimepita 140. Tuseme 130. Gunia kumi ni kilo 1,300. Tela lenyewe, kwa vyuma wanavyotumia mafundi wetu, weka 350. Hapo umefika 1,650. Gari lako likiwa tupu ni tani moja na nusu hivi, maana yake anayevutwa ni mzito kuliko anayevuta. Bado gunia nane za bodini, kilo 1,040, kwenye pikapu iliyoundwa kubeba tani moja ukiwemo wewe na dereva wako. Jumla umepita tani nne, na breki ulizonazo ni za gari la tani mbili na nusu na kidogo. Nyuma una ngoma, mbele una diski, basi. Tela la huyo bwana halina breki hata moja, lingekuwa nazo ungezitaja.

Ukifungua kitabu cha pikapu yoyote ya tani moja, iwe Hilux, D-Max au Ranger, utakuta namba mbili za kuvuta. Ya tela lisilo na breki mara nyingi ni kilo 750, tela pamoja na mzigo wake. Hata hizi Hilux mpya za 2.8 zinazouzwa Australia kwa sifa ya kuvuta kilo 3,500, hizo ni za tela lenye breki zake. Ukiliondolea breki unarudi kwenye 750 zilezile. Turbo haikuongezei hata kilo moja hapo.

Na dizeli ndiyo inayowadanganya watu. Inavuta kwa mzunguko mdogo, haipigi kelele, haionyeshi kuchoka, kwa hiyo mguu wako hausikii mzigo. Unatoka Makete unasema mbona nyepesi. Halafu unaanza kuteremka mabonde ya kuja Njombe, ukungu, lami imelowa, unakanyaga breki ya kwanza, ya pili, ya tatu, ngoma zinachemka. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. DOT 3 mpya inachemka nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji ya kutosha inachemka kwenye 140. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, pedali inazama mpaka kwenye zulia. Bahati mbaya nyingine ni kona: gari linapunguza mwendo, tela halina habari, linasukuma mkia wa gari pembeni mpaka litake kukupita. Ukiliona tela lako kwenye kioo cha ubavuni limesimama upande wa dirisha lako, umeshachelewa.

Matairi nayo. Tairi la gari dogo la inchi 13, mfano 175/70R13 lenye namba 82 ubavuni, linabeba kilo 475. Mawili ni 950. Huyo mchomeleaji anakuahidi tani mbili juu ya matairi ya kilo 950, na hajahesabu uzito wa tela lake. Mwambie akuonyeshe tani mbili hizo zimeandikwa wapi.

Na asithubutu kuchomelea ndoano kwenye bampa. Bampa ni urembo.

Ol Kalou D-Max

Habari zenu kutoka Nyandarua. Sisi pia ni watu wa viazi kwa hivyo nimeona niseme kidogo. Ile shida ya uzito huku ilipunguzwa na kanuni za 2019, gunia la viazi lisipite kilo 50. Si wote wanaofuata, lakini angalau ukihesabu gunia unajua unabeba nini. Mimi nina D-Max ya 3.0 na trela ndogo yenye breki, naweka tenki la maziwa asubuhi na viazi jioni. Pickup inaivuta vizuri sana. Lakini fundi amesema ukweli: siku kebo ya breki ya trela ilikatika nilihisi kama nimesukumwa na lori. Hapo niliegesha, nikaita gari ingine ije ipunguze mzigo.

MkulimaTandala

Asanteni jamani. Fundi umenitisha, lakini umenitisha na hesabu, siwezi kubisha. Mume wangu amesoma hapa kabebwa na furaha, nimemkumbusha kwamba yeye alisema klachi.

Maswali mawili. Kwanza, tela lenye breki napata wapi huku kwetu, au mpaka niagize nje? Pili, kuna jamaa ananishawishi niuze 5L ninunue Hilux ya 2.4 GD-6, anasema hiyo ndiyo ya kuvuta. Mwingine anasema niweke turbo kwenye hii hii. Mnaonaje?

Fundi Ipogolo

Nianze na turbo: hapana. 5L haikuumbwa nayo. Wenye injini za 2L-T za zamani waulize habari za hedi kupasuka, na hizo zilitoka kiwandani na turbo yao. Wewe unataka kumbebesha mzee mzigo wa kijana halafu umkimbize mlimani.

GD-6 ni kweli ni chombo cha kuvuta. Ina cc 2,393 tu lakini yenye nguvu zaidi inatoa Nm 400 kuanzia mzunguko wa 1,600. Linganisha na injini ya 1HZ ya Land Cruiser, mitungi sita, cc 4,164, inatoa 285. Na kwa kuwa ina turbo, mwinuko wa kwenu hauisumbui kama unavyoisumbua 5L. Ila nozeli zake zinafanya kazi kwa presha kubwa mno, hazitaki maji wala uchafu. Ukiizoesha dizeli ya madumu ya kandokando ya barabara, seti ya nozeli itakula faida ya msimu mzima. 5L inakunywa hiyo dizeli na inakushukuru. Ninyi mnaokaa mbali na kituo cha mafuta cha uhakika, mimi singewashauri muuze 5L nzima kwa ajili ya tela. Na narudia, ukinunua GD-6 ukaifungia tela lile lile lisilo na breki, umenunua njia ya haraka zaidi ya kufika kwenye kona.

Breki za tela. Huna haja ya kuagiza nje. Tafuta ekseli ya nyuma ya Hilux iliyokufa, nzima na ngoma zake. Mafundi wanalitoa difu ndani ili kupunguza uzito, wanaacha ngoma, viatu vya breki na kebo za handibreki. Kinachokosekana ni kichwa cha kuunganishia chenye breki ya msukumo: gari likipunguza mwendo, tela linasukuma mbele, kichwa kinaingia ndani na kuvuta kebo, ngoma za tela zinakamata. Vichwa hivyo vinapatikana vimetumika, vinakuja na matela ya mitumba kutoka Ulaya. Kile cha boli (kichwa cha chuma cha mviringo) ya milimita 50 ndicho cha kawaida, na uzito wake umeandikwa kwenye kibati, usome kabla ya kulipa. Kina udhaifu mmoja: kwenye mteremko mrefu tela linasukuma muda wote, kwa hiyo breki zake zinashika muda wote na kupata moto. Ukifika bonde refu simama chini, gusa rimu kwa nyuma ya kiganja. Zikiwa hazigusiki, kunywa chai kwanza.

Kwa ekseli hiyo weka matairi ya 185R14C ya ply 8. Hayo yana namba 102, kilo 850 kila moja. Ndoano ifungwe kwenye chesisi, pande zote mbili, kwa bolti zilizoandikwa 8.8 kichwani. Cheni mbili za usalama zipishane chini ya mkono wa tela, ndoano ikikatika mkono uangukie kwenye cheni na si kwenye lami. Taa za breki, indiketa, viakisi mwanga. Tela linasajiliwa na kupewa namba yake kama gari, usilitoe barabarani bila hiyo, trafiki wa Makambako wana macho.

Mafuta ya breki ya Hilux badilisha yote, weka DOT 4. Tangu mnada nakisia hayajaguswa. Na mteremko ushuke na gia ile ile ambayo ungeupanda nayo, uishike kabla hujaanza kushuka. Ukisubiri mwendo ukolee kwanza, gia haitaingia.

Ukifanya yote hayo, kwa 5L mimi nakuruhusu tela la kilo 1,200 na mzigo wake. Hizo ni gunia sita za lumbesa, na bodini usizidi nne. Ukitaka gunia kumi na nane kwa mkupuo, kodi Canter na umtukane dereva wake kimoyomoyo.

Dogo wa Uyole

Fundi umeua biashara ya mama wa watu 😂 Gunia kumi tu? Hata mafuta hayarudi.

Fundi Ipogolo

Dogo, kwani nani amesema lazima yarudi? Yeye aandike bei ya Canter upande mmoja, mafuta na matairi upande wa pili. Inawezekana kabisa Canter ikashinda wiki za mavuno makubwa, na tela likashinda siku za kupeleka mbegu na mbolea shamba, ambapo mzigo ni mdogo na hakuna wa kugombania bei naye.

MkulimaTandala

Nimeandika usiku huu huu. Canter imeshinda kwa mwezi wa mavuno, tela limeshinda miezi mingine yote kwa sababu ya mbolea na mbegu. Kwa hiyo tela nalitengeneza, lakini la breki. Mchomeleaji nimempigia, kasema mambo ya breki ni ya Wazungu. Nimeomba arudishe malipo ya awali.

La mwisho fundi, gunia sita nizipange vipi? Mbele, katikati au nyuma?

Fundi Ipogolo

Ukipanga nyuma ya ekseli, mkono utainua mkia wa gari na tela litaanza kucheza kushoto kulia ukifika mwendo wa 70. Ukirundika zote mbele, mkia wa Hilux utakaa chini na usukani utakuwa mwepesi. Panga nne juu ya ekseli, mbili mbele kidogo. Kisha tumia mizani ya magunia pale mnapopimia: fungua tela kutoka kwenye gari likiwa na mzigo, weka kabali kwenye matairi yake, kalisha mkono juu ya mizani kwa usawa ule ule wa ndoano. Kwa kilo 1,200 unatafuta isome kati ya 85 na 120. Ikisoma 40, sogeza gunia moja mbele. Ikisoma 160, rudisha moja nyuma. Ukishapata, piga alama ya rangi sakafuni mwa tela ili wapakiaji wasikuulize tena.

Huyo mchomeleaji akigoma kurudisha hela, mwambie akubadilishie kwa kazi ya geti.