Kisima kinavuta hewa na tumepangiwa siku za kumwagilia: niongeze kina?

Mkulima_Bondeni: Wakuu, salaam. Naomba ushauri, usingizi umenipaa. Nalima vitunguu kwa kisima kirefu. Msimu huu nikipampu saa chache tu, pampu inavuta hewa na mchanga. Mamlaka ya maji nayo imefunga mita kwenye visima vyote, imetuachia siku 2 za kumwagilia kwa wiki, na imekataza kuongeza kina bila kibali. Vitunguu ndiyo vinajaza, siku 2 havivumilii. Swali ni moja tu: nikiongeza kina na kuweka pampu kubwa, maji yatakuwa ya uhakika? Nawasilisha.

Dripu_Daima: Mkuu, achana na mifereji, weka dripu, mabomba ya kumwagilia tone kwa tone. Mimi tangu nihamie huko nimeongeza shamba mara mbili kwa maji yaleyale.

Fundi_Visima: Dripu_Daima, hapo hujaokoa maji. Umeyahamishia kwenye shamba jipya, na yale yaliyokuwa yanapenya kurudi chini sasa hayarudi. Mleta mada, kabla ya pampu kubwa nipe vipimo viwili: asubuhi kabla hujawasha maji yako mita ngapi kutoka juu, na ukipampu yanashuka hadi wapi?

Bibi_Shamba: Wanangu, kisima cha baba yangu tulikichota kwa kamba fupi. Zikaja pampu, kila mtu akavuta apendavyo, leo pale pana shimo kavu. Maji ya chini yakichotwa kuliko mvua inavyoyarudisha, lazima yaishe. Msiwalaumu mamlaka.

Mkulima_Bondeni: Shikamoo bibi, ila familia haili nasaha. Fundi: asubuhi yapo mita 31, mwaka jana yalikuwa 30. Nikipampu yanashuka hadi 58, pampu ilipo.

Swali_Gumu: Majirani zako wanapata maji? Na kibali umeomba?

Mkulima_Bondeni: Kibali hutolewa baada ya msimu, nani atasubiri? Nimeshamlipa mchimbaji nusu. Jirani ni shangazi yangu. Kisima chake kimekauka tangu nibadilishe pampu, lakini ni kifupi, kingekauka tu. Anapata ndoo chache alfajiri. Na kuna shamba kubwa juu yetu linapampu usiku kucha, mbona hilo hamlisemi?

Swali_Gumu: Hayo ndiyo ungeanza nayo! Umemkausha shangazi yako, halafu unauliza pampu kubwa zaidi.

Mzee_wa_Hoja: Wakuu, hii ni chai. Maji yameshuka mita 1 tu kwa mwaka, halafu pampu ivute hewa na kisima cha jirani kikauke? Huyu anauza mashine za kuchimba, anapima upepo.

Mkulima_Bondeni: Mzee, siuzi chochote. Shangazi hanisemeshi na vitunguu vinanyauka. Nitunge ili iweje?

Fundi_Visima: Mzee wa Hoja, hesabu zake zinakubali. Ukipampu, maji yanabonyea kuzunguka kisima kama faneli, na kisima kifupi kilicho ndani ya faneli hiyo hukauka. Pampu ikizimwa yanapanda, ndiyo maana shangazi anapata ndoo za alfajiri. Mleta mada, mwanzoni kisima kilikuwa kinashuka hadi ngapi?

Mkulima_Bondeni: 44 hivi, kwa pampu ya zamani.

Fundi_Visima: Rudisha pampu ya zamani ujaribu. Ikishusha maji kupita 44 kwa mbali, vichujio vya kisima, pale maji yanapoingilia, vimeziba kwa kutu au mchanga, na dawa yake ni kusafisha kisima. Ikibaki karibu na hapo, shida ni pampu kubwa uliyoweka. Na hiyo mita 1 usiidharau. Ikiendelea hivyo kila mwaka, utakuwa unakifukuza kina maisha yako yote, na umeme wa kuyapandisha unapanda nayo.

Msomaji_Kimya: Kuhusu siku 2, ombeni mgao wa ujazo, yaani kiasi cha maji badala ya siku, kwa kuwa mita mnazo. Huko Kansas, Marekani, juu ya Ogallala, mwamba wa chini ya ardhi unaohifadhi maji, wakulima wa eneo la Sheridan walikubaliana wenyewe kupunguza maji kwa takriban asilimia 20 kuanzia 2013. Mgao ulihesabiwa kwa miaka 5, kila mmoja akaamua autumie lini. Tathmini ilionyesha matumizi yalishuka kweli na faida haikuporomoka. Kwa mgao wa namna hiyo ungevipa vitunguu maji sasa, ukabana wakati mwingine.

Bibi_Shamba: Na nenda kwa shangazi yako leo, usingoje mgao.

Mkulima_Bondeni: Mgao nitaupeleka kwenye kikao cha watumia maji. Bibi, nitampelekea shangazi bomba kutoka kwenye tangi langu. Mchimbaji anafika keshokutwa, nitamwambia aanze na kusafisha. Akisema haiwezekani, sijui nitafanyaje, hela yangu iko kwake.

Fundi_Visima: Jaribu pampu kabla hajafika. Pima kila nusu saa, uandike hapa. Na bila kibali asiguse kina, mamlaka itakuumbua.