Naomba ushauri: mama kaandikiwa dawa ya pili ya mafuta kwenye damu, dukani wametupa nyingine

Wakuu habari za jioni. Mama yangu yuko Masasi, ana kisukari na presha, na kila usiku anameza atorvastatini (ni statini, dawa ya kushusha kolesteroli) miligramu 20. Vipimo vya juzi LDL (ile kolesteroli mbaya) imeshuka vizuri, ila trigliseridi (mafuta ya aina nyingine kwenye damu) bado ziko juu, 6.1. Daktari wa Mtwara mjini akamwongezea fenofibreti.

Masasi hatujaipata. Duka moja la dawa wametupa gemfibrozili, eti "hizo ni ndugu". Undugu upo kweli, zote ni fibreti (kundi la dawa za kushusha trigliseridi), lakini ninavyojua gemfibrozili huzuia mwili kuiondoa statini, inajaa kwenye damu, misuli inaweza kuharibika hadi figo zikadhurika. Nimemwambia asianze kwanza. Daktari simu hapokei.

Jirani naye anasema tutafute ezetimibu. Hiyo si huzuia kolesteroli kufyonzwa utumboni, inashusha LDL zaidi? Shida yetu ni trigliseridi.

Mliowahi kutumia statini na fenofibreti pamoja, au kuuguza anayetumia, vipimo vya figo na ini mlirudia baada ya muda gani? Halafu mama analalamika mapaja yanauma, na huu ni msimu wa korosho, kutwa kainama anaokota (ukimkataza anakasirika). Nitajuaje ni korosho au ni dawa? Mkojo ni wa kawaida, haujawa mweusi kama chai ya rangi (hiyo ndiyo dalili ya misuli kuharibika).

Na fenofibreti inapatikana wapi, Masasi, Nachingwea au hata Lindi mjini? Bei si tatizo sana, korosho zimeuzwa.